Ileum au ilium?

Swali: Mchapaji anayenakili sauti ya daktari ataandika "ileum" au "ilium", ilhali yanasikika sawa?

Jibu: Sikio peke yake halitoshi, asikilize sentensi nzima. Ileum ni mwisho wa utumbo mwembamba, ilium ni sehemu ya juu ya mfupa wa nyonga. Palipotajwa kuvunjika, ni ilium.

Hatari zaidi ni vipimo vya dawa. Nchini Marekani, mwaka 2004, Joint Commission, shirika linaloidhinisha hospitali, iliweka "U" ya yuniti kwenye orodha ya vifupisho vilivyokatazwa: insulini "10U" huweza kusomeka 100! Vivyo hivyo "1.0 mg" hugeuka 10 nukta isipoonekana. Iandikwe "1 mg", nusu iwe "0.5", si ".5".

Na asiposikia vizuri? Aache pengo, aandike dakika na sekunde za mahali hapo kwenye sauti, daktari ajaze mwenyewe.