Kibali cha Kujaribu Zana Mpya ya Uvuvi: Njia Waliyopita Wavuvi wa California

Mvuvi wa Marekani akitaka kujaribu zana ambayo kanuni haziiruhusu, upo mlango wa kisheria. Ni kibali kinachofahamika kwa herufi EFP, kinachotolewa na idara ya uvuvi ya shirikisho, NOAA Fisheries, chini ya sheria ya Magnuson-Stevens ya 1976. Kinamwondolea mwenye chombo baadhi ya masharti ili ajaribu jambo mahususi, mahali mahususi, kwa muda mahususi. Anayekiomba kana kwamba ni leseni ya kuvulia hukwama mapema. Ofisi haina shida na samaki wako. Inachotaka ni takwimu, na kila hatua hapa chini inazunguka hapo.

Mfano wetu ni samaki upanga, jamaa wa nduaro na sansuli. California walimvua kwa miaka mingi kwa jarife, wavu wa kuelea usiku wenye macho yasiyopungua inchi 14 na urefu unaoweza kufika futi 6,000. Jarife halichagui: kasa, pomboo na hata nyangumi hunasa humo. Tangu 2001 sehemu kubwa ya bahari hiyo imekuwa ikifungwa kwa majarife kila mwaka, 15 Agosti hadi 15 Novemba, ili kumlinda kasa noa. Ndipo likaja wazo la mishipi ya maboya: mshipi unaoshuka wima, risasi chini, ndoana chache, na boya juu linaloonyesha samaki akila. Mchana samaki upanga hushuka kwenye maji baridi, mara nyingi mita 250 hadi 350, ilhali kasa huwa juu zaidi.

Hatua ya 1: Jua maji ni ya nani

Kutoka ufukweni hadi maili 3 za bahari, mamlaka ni ya jimbo. Kutoka hapo hadi maili 200 ni ya shirikisho. California ina utaratibu wake wa vibali vya majaribio, uliotokana na sheria ya 2018. Jaribio likigusa maji ya pande zote mbili, bisha hodi kwa wote wawili. Kama kazi ni utafiti mtupu unaofanywa na meli ya utafiti, njia ni nyingine na nyepesi zaidi. EFP ni ya chombo cha uvuvi.

Hatua ya 2: Andika swali kabla ya kuchora zana

Hapa usiwe na haraka. “Nataka kujaribu mishipi ya maboya” si swali. Swali ni hili: je, ndoana zikiwekwa chini ya kina fulani mchana, chombo kitapata samaki upanga wa kutosha kulipa mafuta na mabaharia bila kunasa kasa? Swali la namna hiyo linakulazimisha useme utapima nini: kina cha kila ndoana, saa za kutega, kila kiumbe kilichopanda, kilikuwa hai au kimekufa, uliuza nini na kwa bei gani.

Linakulazimisha pia useme utalinganisha na nini. Watafiti waliojaribu malema yenye upenyo wa kutorokea samaki wadogo kwenye pwani ya Kenya waliyalinganisha na malema ya kawaida. Bila kipimo cha pili, hata boti ikijaa samaki hujathibitisha kitu.

Kisha andika kikomo: ukinasa kasa wangapi utasimamisha jaribio? Waombaji wengi huogopa kuitaja namba hiyo wakidhani inawaponza. Mimi naona kinyume chake. Mpitiaji asipoiona ataiweka mwenyewe, na yake haitakuwa ya huruma.

Hatua ya 3: Pitia barazani

Kwa samaki wahamao wa pwani ya magharibi, pendekezo hupelekwa kwanza kwa Baraza la Usimamizi wa Uvuvi la Pasifiki. Kamati zake za wataalamu na za wavuvi hulichambua, wananchi huzungumza, halafu Baraza hushauri NOAA. Baraza hukutana mara chache kwa mwaka, kwa hiyo ukikosa tarehe ya kuwasilisha hati unaweza kukosa msimu mzima. Ongea na wanakamati kabla ya kikao. Hoja ya mvuvi mwenzako aliyechukizwa huvunja pendekezo haraka kuliko ripoti ya mtaalamu.

Hatua ya 4: Peleka maombi

Kanuni zinataka maombi yafike angalau siku 60 kabla ya tarehe unayotaka kuanza. Ndani yake weka lengo la jaribio, aina na kiasi cha samaki unaotarajia (wale usiowakusudia pia), watakakopelekwa, nyakati na maeneo, aina na idadi ya zana, nakala ya usajili wa kila chombo, na sahihi yako. Siku 60 ni za kwenye karatasi; panga kwa miezi.

Hatua ya 5: Vumilia mapitio

Tangazo hutoka katika gazeti la serikali na umma hupewa siku 15 hadi 45 za kutoa maoni. Sambamba na hilo hupimwa athari kwa mazingira na kwa viumbe wanaolindwa. Sehemu hii si ya kupuuzwa: mwaka 2019 vibali vya kujaribu mshipi mrefu wa ndoana nyingi nje ya California vilipingwa mahakamani na kutenguliwa, na hoja kubwa ilikuwa kasa noa.

Hatua ya 6: Vua kama ulivyoandika

Kibali kwa kawaida hakizidi mwaka mmoja, hakihamishwi kwa mtu mwingine, na lazima kiwe chomboni. Ukitakiwa kubeba mwangalizi, mbebe. Jaza kumbukumbu siku hiyohiyo, hasa siku ambayo hukupata kitu: takwimu za siku tupu ndizo zinazowafanya wapitiaji waziamini zile za siku nzuri.

Hatua ya 7: Fikiria siku kibali kitakapokwisha

Kibali ni cha muda; zana hudumu ikihalalishwa na kanuni. EFP za mishipi ya maboya zilianza kutolewa 2015. Kanuni ya kuihalalisha zana hiyo ilitoka Mei 2023. Kanuni inaruhusu seti zisizozidi 10, ndoana zisizozidi 3 kwa kila seti, zikiwa kwenye kina kisichopungua mita 90, na chombo kisikae mbali nazo. Kusini mwa California leseni zimewekewa kikomo cha 300, nazo hutolewa kwa awamu. Katika kupanga foleni ya leseni hizo, waliokuwa na uzoefu wa zana hii chini ya EFP walipewa kipaumbele, na uzoefu huo ulihesabiwa kwa siku za uvuvi zilizoandikwa.