Kishikwambi ndani ya mtumbwi

*Mimi ni mvuvi wa Lamadi. Nimenunua kishikwambi kiniongoze usiku katika Ghuba ya Speke, lakini juzi mtandao ulipokatika nilikizima kwa hofu. Je, chafaa? Nikifunge wapi?*
Msomaji, Busega

Ndugu yangu, hofu yako naifahamu, lakini mtandao na mahali ulipo ni mambo mawili mbalimbali. Kwani kishikwambi chenye GPS hupokea ishara za setilaiti moja kwa moja, nao mtandao huhitajiwa kupakua ramani tu, kazi ambayo yakupasa kuimaliza ungali pwani. Kabla ya kung'oa nanga, weka alama ya mwalo wako.

Kifunge kwa kishikizo cha skrubu juu ya taruma, mbali na injini na mbali na dira, maana sumaku ya kasha lake huweza kuupotosha mshale. Kisogeze karibu, nawe utauona ukigeuka. Kitie katika mfuko usiopitisha maji, na mwanga upunguze, usije ukakupofusha gizani.

Walakini ramani hizi aghalabu hazionyeshi miamba iliyozama wala nyavu za wenzio. Basi dira na jaketi okozi visikosekane, na Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitahadharisha upepo mkali, tafadhali usitoke.