Masazo ni ya Nani?

Tulitazame jambo lililotokea Ujerumani. Usiku mmoja mwaka 2018, karibu na mji wa Munich, wanafunzi wawili wa kike walifungua pipa la taka la duka kubwa wakatoa vyakula vilivyotupwa, ambavyo bado vilifaa kuliwa. Mahakama iliwahesabu kuwa wezi. Mwaka 2020 Mahakama ya Katiba iliiacha hukumu hiyo isimame: vyakula vile vilikuwa bado mali ya mwenye duka.

Ufaransa ilishika njia nyingine. Sheria ya mwaka 2016 huyakataza maduka makubwa kuharibu chakula kinachofaa, na kuyataka yapatane na vyama vya msaada ili wahitaji wapewe.

Sasa tusome Walawi 19:9-10. Anayeamriwa hapo ni mwenye shamba: asivune mpaka pembeni, wala asikusanye masazo. Kwa hiyo Ruthu alipookota katika konde la Boazi aliokota haki yake.

Basi kabla ya kumhukumu anayefungua pipa, tumwulize aliyelijaza.

Maswali:
1. Baada ya karamu zetu, chakula kilichobaki huenda wapi?
2. Ni jirani gani angekipokea kabla hakijachacha?