Mkaa Usiotoa Moshi Nao Huua: Tahadhari kwa Msimu wa Kipupwe

Kuanzia mwezi Juni hadi Agosti baridi huwa kali katika nyanda za juu za Mbulu na katika vijiji vilivyo chini ya Mlima Hanang. Kipindi hicho baadhi ya kaya huingiza jiko la mkaa chumbani, hufunga mlango na dirisha, kisha hulala. Wengi huamini kwamba mkaa ukishakolea na kuacha kutoa moshi huwa salama. Dhana hiyo si sahihi, na imegharimu maisha ya watu nchini.

Hatari yenyewe

Mkaa unaowaka hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi, ambayo hujilimbikiza haraka katika chumba kilichofungwa. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, na haiwashi macho kama moshi wa kuni. Ikivutwa, hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200. Damu huendelea kuzunguka, lakini ubongo na moyo hukosa oksijeni ya kutosha. Aliyelala aweza kupoteza fahamu bila kuamka. Kufunika makaa kwa majivu au kuweka sufuria ya maji kando ya jiko hakuondoi gesi hiyo.

Dalili

Dalili zake ni maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, udhaifu wa mwili na kuchanganyikiwa. Kwa kuwa hufanana na za malaria, zingatia mambo mawili: watu kadhaa wa nyumba moja kuugua kwa wakati mmoja, na kupata nafuu watokapo nje.

Kujikinga

Kwanza, ukiota moto ndani, acha mlango na dirisha wazi. Litoe jiko nje kabla ya kulala, hata kama makaa yanaonekana kuzimika.

Pili, kwa jiko lenye dohani, hakikisha bomba limepanda juu ya paa. Likague kabla ya kipupwe, uondoe masizi na viota vya ndege, na uzibe nyufa kwenye maungio.

Tatu, usilee vifaranga kwa jiko la mkaa katika chumba wanacholala watu, wala usiwashe jenereta ndani ya nyumba.

Ajali ikitokea

Fungua milango, mtoe mgonjwa nje bila kukawia ndani, na upige simu namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Mfikishe katika kituo cha afya kilicho karibu, na umweleze mtoa huduma kwamba chumbani palikuwa na jiko la mkaa. Maelezo hayo humwezesha kutambua tatizo mapema na kumpa mgonjwa oksijeni, ambayo ndiyo tiba yake kuu.

Ongeza blanketi, jiko la mkaa lilale nje.