Ramani za Rangi za Matokeo ya Uchaguzi: Namna ya Kuzichora na Namna ya Kuzisoma

Kila baada ya uchaguzi mkuu, magazeti na televisheni hutuonyesha ramani ya nchi iliyopakwa rangi. Sehemu hii ni ya bluu, ile ni ya manjano. Na mtazamaji, kwa kuitupia jicho mara moja tu, hudhani ameyafahamu yote yaliyotokea. Wako watu katika nchi nyingi ambao huchora ramani za namna hii kwa kujifurahisha tu, wakizipaka rangi kata kwa kata na wilaya kwa wilaya. Ni burudani isiyohitaji gharama kubwa, nayo hukutanisha masomo matatu ya sekondari: Jiografia, Hisabati na Uraia.

Hata hivyo, ramani ya aina hii yaweza kusema kweli, na yaweza pia kupotosha bila ya mchoraji wake kukusudia. Makala haya yanaeleza jinsi ramani hizo zinavyochorwa, na jinsi takwimu zile zile ziwezavyo kutoa picha mbili zilizo mbali kabisa. Mfano wetu utakuwa uchaguzi wa rais wa Kenya uliofanyika tarehe 9 Agosti 2022.

Asili ya ramani hizi

Mwaka 1826 Mfaransa Charles Dupin alichora ramani ya nchi yake akionyesha hali ya elimu ya shule katika kila jimbo. Badala ya kuandika tarakimu, alitumia vivuli: majimbo yaliyokuwa na elimu zaidi aliyaacha na weupe, na yaliyokuwa nyuma aliyatia weusi. Ufaransa nzima ilionekana katika ukurasa mmoja. Mwaka 1913 Mfaransa mwingine, André Siegfried, alitoa kitabu kikubwa kuhusu siasa za magharibi ya Ufaransa, ambamo alilinganisha ramani za kura na ramani za miamba, za umilikaji wa ardhi na za makazi ya watu. Tangu hapo uchunguzi wa kura kwa njia ya ramani umekuwa tawi la Jiografia.

Vifaa na takwimu

Mwanafunzi atahitaji ramani ya mipaka, karatasi angavu ya kunakilia, kalamu za rangi, bikari na rula. Mwenye kompyuta aweza kutumia programu ya ramani kama QGIS, ambayo hutolewa bila malipo. Lakini inafaa ramani ya kwanza ichorwe kwa mkono, kwa kuwa mkono humlazimisha mtu kufikiri kabla ya kupaka.

Takwimu zichukuliwe kwa wenye mamlaka ya kuzitangaza. Kenya ina kaunti 47, maeneo bunge 290 na wadi 1,450, na siku ile wananchi walichagua viongozi wa ngazi sita, kuanzia rais hadi mwakilishi wa wadi. Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka iliweka katika intaneti picha za fomu za matokeo ya urais kutoka vituo vya kupigia kura, hata mtu wa kawaida akaweza kujumlisha mwenyewe. Kwa mujibu wa matokeo yaliyotangazwa, William Ruto alipata kura 7,176,141, yaani asilimia 50.49, na Raila Odinga kura 6,942,930, yaani asilimia 48.85. Wagombea wengine wawili waligawana kura zilizosalia, ambazo hazikufika asilimia moja. Mahakama ya Juu iliyathibitisha matokeo hayo tarehe 5 Septemba 2022.

Ramani ya kwanza: ramani ya mshindi

Njia iliyo rahisi ni kuipaka kila kaunti rangi ya mgombea aliyeongoza ndani yake. Ramani hiyo hujibu swali moja tu: ni nani aliyeongoza hapa? Haisemi aliongoza kwa kiasi gani, wala haisemi ni watu wangapi waliopiga kura.

Tutazame Nairobi. Katika kaunti hiyo Odinga alipata takriban kura 57 katika kila 100, na Ruto takriban 42. Hizo 42 ni zaidi ya watu laki tano. Katika ramani ya mshindi Nairobi hupakwa rangi moja, na watu hao wote laki tano na ushei hutoweka, kana kwamba hawakutoka nyumbani kwao siku ile.

Dosari ya pili ni ya eneo. Kaunti ya Marsabit ina zaidi ya kilomita za mraba 66,000. Nairobi ina 696 tu. Katika ramani ambayo sentimita 1 ni sawa na kilomita 50, kila sentimita ya mraba ni kilomita za mraba 2,500. Kwa hiyo Marsabit itachukua zaidi ya sentimita za mraba 26, ilhali Nairobi itachukua kama robo ya sentimita moja ya mraba, pungufu ya ukucha wa kidole kidogo. Lakini sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 4,397,073 katika Nairobi na 459,785 katika Marsabit. Penye watu wengi mara tisa na zaidi, jicho huona nukta. Penye watu wachache, jicho huona bahari ya rangi. Hapana budi tukumbuke kwamba ardhi haipigi kura.

Ramani ya pili: ramani ya robo

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamtaka rais apate zaidi ya nusu ya kura zote, na pia apate angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani kaunti 24 au zaidi. Sharti hili la pili latupa wazo la ramani nyingine. Badala ya kuuliza nani aliongoza, tunauliza: katika kaunti hii, ni mgombea yupi aliyepata robo ya kura au zaidi?

Tume ilitangaza kwamba Ruto alifikisha robo hiyo katika kaunti 39, na Odinga katika kaunti 34. Hapa mwalimu wa Hisabati aweza kuanza somo la seti. Jumla ya 39 na 34 ni 73, na kaunti zote ni 47 tu. Kwa kuwa hapana kaunti ambayo wagombea hawa wote wawili walikosa robo, zilizohesabiwa mara mbili ni 73 kutoa 47, yaani kaunti 26. Zilizobaki kwa Ruto peke yake ni 13, na kwa Odinga peke yake ni 8. Ukijumlisha 26, 13 na 8 utapata 47.

Sasa tupake rangi tatu: moja kwa zile 13, moja kwa zile 8, na rangi ya tatu kwa zile 26 ambamo kila mmoja wa wagombea wawili alikuwa na mtu mmoja au zaidi katika kila wapiga kura wanne. Rangi hii ya tatu ndiyo itakayoenea katika kaunti nyingi kuliko nyingine zote. Ramani ya kwanza ilituonyesha nchi iliyopasuka vipande viwili. Ramani ya pili yatuonyesha nchi ambayo, katika zaidi ya nusu ya kaunti zake, watu wa pande zote mbili wanaishi pamoja, wanateka maji kisima kimoja na kupeleka watoto shule moja. Kura ni zile zile. Kilichobadilika ni swali.

Vivuli na duara

Mchoraji atakaye kuonyesha kiasi hutumia vivuli vya rangi moja, kutoka hafifu hadi kukolea. Kura za mgombea mmoja zaweza kugawanywa katika matabaka manne: chini ya asilimia 25, kuanzia 25 hadi chini ya 50, kuanzia 50 hadi chini ya 75, na 75 au zaidi. Matabaka yasiingiliane, na ufunguo wa ramani uyaeleze waziwazi. Hata hivyo yafaa kujihadhari: kaunti yenye asilimia 49 na yenye 51 zitatofautiana kwa rangi ingawa ni karibu sawa, na yenye 51 na yenye 74 zitafanana ingawa ziko mbali. Vilevile zisitumike nyekundu na kijani pamoja, kwa sababu wako watu, hasa wanaume, ambao macho yao hayazitofautishi vizuri. Bluu na rangi ya chungwa hufaa zaidi.

Ili kuondoa udanganyifu wa eneo, chora duara juu ya kila kaunti, ukubwa wake ulingane na idadi ya wapiga kura. Hapa wengi hukosea. Kinacholingana na idadi ni eneo la duara, si nusu kipenyo chake. Kwa hiyo nusu kipenyo hufuata kipeuo cha pili. Mwaka 2022 Nairobi ilikuwa na wapiga kura 2,415,310 walioandikishwa, na Lamu, iliyokuwa na wachache kuliko kaunti zote, 81,453. Nairobi ni takriban mara 29.65 ya Lamu, na kipeuo cha pili cha 29.65 ni karibu 5.4. Duara ya Lamu ikiwa na nusu kipenyo cha milimita 2, ya Nairobi iwe na milimita 11 hivi. Anayezidisha nusu kipenyo kwa 29.65 atapata duara yenye eneo karibu mara 880 ya ile ya Lamu.

Tahadhari ya mwisho

Mwaka 1950 mwanasosiolojia wa Marekani W. S. Robinson alionyesha kosa lililo rahisi kulifanya. Alipolinganisha majimbo ya nchi yake, yale yenye wahamiaji wengi yalionekana kuwa na watu wengi zaidi wajuao kusoma. Alipohesabu watu wenyewe, aliona kinyume: wahamiaji walijua kusoma kidogo kuliko wazaliwa. Sababu ni kwamba wahamiaji walikuwa wamekwenda kukaa katika majimbo yenye elimu.

Funzo ni kwamba habari za eneo si habari za mtu. Rangi ya wadi haimwambii yeyote jirani yake alimchagua nani, wala haimpi ruhusa ya kumdhania. Kura ni ya siri, na ramani iliyochorwa vizuri huilinda siri hiyo kwa kumkumbusha msomaji kwamba chini ya kila rangi wamo na wale waliochagua vingine.

Maswali na kazi ya darasani

1. Chora ramani ya kata au wadi za mahali pako kwa matokeo ya uchaguzi uliopita. Kwanza onyesha mshindi, kisha onyesha asilimia yake kwa matabaka manne.

2. Badili mipaka ya matabaka hayo, kisha eleza jinsi picha ilivyobadilika ilhali kura hazikubadilika.

3. Wilaya moja ina wapiga kura mara 9 ya wilaya nyingine. Nusu kipenyo cha duara yake kiwe mara ngapi ya kile cha wilaya ndogo?

4. Mpe mwenzako ramani ya mshindi peke yake, umwulize imemfundisha nini. Kisha mpe ramani ya pili, mjadiliane ni lipi katika aliyoyasema linalosimama bado.