Kitabu cha Wafu na Nasaba ya Ukoo

Mhariri wa gazeti letu la shule ameniomba niandike juu ya kazi ya Historia ambayo mwanafunzi aweza kuifanya wakati wa likizo, akiwa kwao, pasipo kununua kitu zaidi ya daftari na kalamu ya risasi. Nimechagua kazi ya kutafuta nasaba ya ukoo katika vitabu vya parokia, na hasa kitabu cha maziko. Naandika juu ya vitabu vya Kanisa Katoliki kwa kuwa ndivyo nilivyovifungua. Makanisa mengine yanavyo vya kwao. Wanafunzi wetu Waislamu wasidhani kwamba hawana njia: kwa wengi wao nasaba imehifadhiwa vinywani mwa wazee na pengine katika karatasi za ukoo, na mengi nitakayoyasema juu ya kulinganisha habari yatawafaa hata wao.

Kwanza tujue vitabu hivi vilitoka wapi. Huko Uingereza, mwaka 1538, Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, aliamuru kila parokia iwe na kitabu cha kuandikia ubatizo, ndoa na maziko. Upande wa Kanisa Katoliki, Mtaguso wa Trento mwaka 1563 uliwaagiza maparoko waweke vitabu vya ubatizo na vya ndoa, na taratibu zilizotolewa mwaka 1614 zikataja pia kitabu cha wafu. Basi Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofika Bagamoyo mwaka 1868, na Mapadre Weupe walipopita hapo mwaka 1878 kwenda bara hata maziwa makuu, walikuja na desturi iliyokwisha kuwa ya kale kwao. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilitaka kila parokia iwe na vitabu vitano: cha ubatizo, cha kipaimara, cha ndoa, cha wafu, na cha tano kilichoorodhesha waumini na hali zao. Tena ilitaka kila mwaka nakala zipelekwe kwa Askofu, isipokuwa ya kile cha tano. Mkumbuke neno hili la nakala. Kitabu cha parokia kikiliwa na mchwa, yawezekana nakala yake ipo jimboni.

Kwetu Tanganyika vitabu hivi vina thamani kubwa kuliko kule vilikotoka, kwa kuwa kwa miaka mingi Serikali ya kikoloni haikuwalazimisha Waafrika kuandikisha vizazi na vifo. Kwa wazee wetu wengi wa vijijini, mahali pa pekee ambapo jina lao liliandikwa kwa wino pamoja na tarehe ni kanisani.

Sasa nieleze namna ya kuvisoma. Vile vya zamani viliandikwa kwa Kilatini, nacho kina mitego yake. Mtego wa kwanza ni majina. Yohana ni Joannes, Yakobo ni Jacobus. Tena mwisho wa jina hubadilika kwa kufuata sarufi. Yosefu akibatizwa huitwa Josephus. Akitajwa kuwa baba wa mtoto, utasoma «ex Josepho». Mwanawe akitajwa kuwa mwana wa Yosefu, utasoma «filius Josephi». Huyo ni mtu mmoja, si watatu. Mtego wa pili ni miezi. Padre mwenye haraka aliandika 7bris, na mwanafunzi akadhani ni mwezi wa saba. Sivyo. Neno septem ni saba, kwa hiyo 7bris ni Septemba, 8bris ni Oktoba, 9bris ni Novemba, na Xbris ni Desemba. Maneno mengine ni machache na hujifunza upesi: natus, amezaliwa; obiit, amefariki; sepultus, amezikwa, na kama ni mwanamke, sepulta; vidua, mjane. Ukiona «in periculo mortis», maana yake alibatizwa akiwa katika hatari ya kufa. Basi fungua kitabu cha wafu siku hiyo hiyo na siku zilizofuata, huenda ukamwona.

Neno dogo la kuliangalia sana ni «circiter», yaani «yapata». Katika kitabu cha wafu huambatana na umri. Mzee aliyeandikwa kuwa wa miaka yapata sitini alikadiriwa na Padre au na katekista, akitazamwa mvi zake na wajukuu wake. Msitoe sitini katika mwaka wa kufa mkasema mmeupata mwaka wa kuzaliwa. Vivyo hivyo kwa watu wazima waliobatizwa: kwa kanuni ya Kardinali Lavigerie, Mapadre Weupe waliwafundisha watu miaka minne kabla ya ubatizo, hivyo jina la Kikristo laonekana kitabuni muda mrefu baada ya mtu kuanza kufika misioni.

Nikija kwenye kitabu cha wafu chenyewe, nitawapa mfano wa kwetu, kwa kuwa ndio uliolifanya jambo hili kuwa zito kwangu.

Babu yangu, baba yake baba, alipofariki, ukoo ulikubaliana kulijengea kaburi lake kwa saruji na kuandika mwaka aliozaliwa na mwaka aliofariki. Mwaka wa kufa tuliujua sote. Juu ya mwaka wa kuzaliwa kulikuwa na maneno mengi. Binamu yangu mmoja alikuwa amekwenda parokiani, akaonyeshwa kitabu cha ubatizo, akarudi na furaha: babu alibatizwa mchanga mwaka 1929. Jina lake, jina la baba yake na jina la mama yake, yote yalipatana. Fundi alikuwa amekwisha kuitwa. Mimi nilimwomba angoje kidogo mpaka tutazame kitabu cha pili. Baadhi ya wazee waliona kwamba nachelewesha kazi kwa ajili ya elimu ya darasani, na huenda hata saruji ingeharibika, kwa maana mvua zilikuwa karibu.

Kwa nini niliomba hivyo? Kwa sababu ya kanuni moja ambayo kila mtafutaji wa nasaba hana budi kuifuata: usimkubali mtoto uliyemwona katika kitabu cha ubatizo mpaka umehakikisha kwamba hakuzikwa utotoni. Zamani hizo watoto wengi walikufa kabla ya kuachishwa ziwa. Na wazazi waliofiwa mara nyingi walimpa mtoto aliyefuata jina lile lile la marehemu. Hivyo majina matatu, la mtoto, la baba na la mama, yanaweza kupatana kabisa na bado mtu akawa mwingine.

Paroko alitupokea vizuri, akatufungulia kabati. Kitabu cha wafu kilikuwa chembamba kuliko cha ubatizo, jalada lake limeliwa na wadudu pembeni. Tulianza mwaka 1929, mstari kwa mstari. Katika mwaka 1930 tukamkuta mtoto, jina lile lile, wazazi wale wale, umri miezi kumi na minne, amezikwa katika makaburi ya misioni siku moja baada ya kufa. Ndipo tukarudi kwenye kitabu cha ubatizo na kuendelea mbele. Mwaka 1933 jina likatokea tena, wazazi wale wale. Huyu wa pili ndiye babu yetu.

Tulijuaje kwa hakika? Pambizoni, yaani ukingoni mwa ukurasa, palikuwa na maandishi madogo ya mkono mwingine: tarehe ya ndoa, jina la parokia ya jirani, na jina la bibi yetu. Hii si bahati tu. Amri ya Papa Pius X ya mwaka 1907, iliyoanza kutumika mwaka 1908, ilitaka ndoa ya mtu iandikwe pia kando ya ubatizo wake, popote alipobatizwa, ili asije akaoa mara mbili kwa siri. Kwa mwanahistoria, amri hii ni daraja kutoka kitabu hata kitabu. Kando ya jina la mwaka 1929 hapakuwa na neno lolote, ila msalaba mdogo wa wino.

Basi fundi aliandika 1933. Lakini jambo halikuishia hapo, na hili lililofuata ndilo ninaloliona kubwa kuliko mwaka wa saruji.

Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kusikia habari za mtoto yule wa kwanza. Sisi tuliambiwa kwamba babu ni mzaliwa wa kwanza. Dada yake mdogo, ambaye bado yu hai nasi twamwita bibi, alipoulizwa mama yake alizaa mara ngapi, alijibu kama wazee wengi wanavyojibu: watoto hawahesabiwi. Nikamsomea tulichokikuta, polepole, tarehe na yote. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema kwamba mama yao, kila walipokwenda kupalilia makaburi ya misioni, alikuwa na mahali pake pa kupalilia peke yake, karibu na ukuta, wala hakuwataka watoto wamsaidie. Wao walidhani ni kaburi la katekista fulani. Akataka apelekwe. Mahali penyewe alipajua, maana pale ukuta unapinda. Alama ya kaburi haikuwapo. Ndugu zetu walipasafisha siku ile ile, na majuma mawili baadaye wakaweka jiwe.

Mtaona basi kila upande una ujuzi wake. Wazee hukumbuka waliozaa, kwa kuwa nasaba hupita kwao. Aliyekufa bila mtoto hutoka katika masimulizi, na mtoto mchanga hutoka upesi kuliko wote. Kitabu cha wafu hakichagui. Kimemwandika mtoto wa miezi kumi na minne kwa mstari ulio sawa na wa mtemi. Lakini kitabu nacho hakikujua mahali penye kaburi, wala kwamba kulikuwa na mama aliyekwenda kupalilia. Hayo yalikuwa kwa bibi. Kwa hiyo nasihi kwamba mwulize wazee kwanza, kwa maana vitabu vitangoja, wao hawatangoja.

Kuna watu ambao hamtawaona kitabuni hata mkitafuta mwezi mzima. Hawamo waliokufa bila ubatizo, wala wengi waliofia mbali. Wapagazi walikufa kwa maelfu katika vita ya 1914 hadi 1918, na wengi wao walizikwa njiani pasipo kuandikwa popote. Katika vita hiyo wamisionari wengi Wajerumani walikamatwa na kuondolewa nchini, na mambo yakawa hivyo tena katika vita ya pili. Kwa sababu hiyo, katika misioni walizozishika mwaweza kukuta kurasa chache au mwandiko mgeni kwa miaka hiyo. Kinyume chake, tazameni mwisho wa mwaka 1918, ugonjwa wa mafua makubwa ulipoingia. Huenda maziko ya juma moja yakajaza nafasi ya miezi. Na kama mzee wenu alikuwa mtoto aliyekombolewa utumwani, kama wale waliolelewa misioni Bagamoyo, msishangae mkikuta mahali pa wazazi hapana jina. Hapo kitabu cha ubatizo ndicho mwanzo wa nasaba yenu, nanyi andikeni hivyo hivyo bila kubuni jina la kujazia pengo.

Juu ya adabu: vitabu ni mali ya parokia, na vina mambo ya watu. Mwandikieni Paroko kabla ya kwenda, au mpitie kwa katekista, mkisema ni ukoo gani mnautafuta na wa miaka gani. Nendeni na mzazi au mlezi. Mikono iwe safi na mikavu. Tumieni kalamu ya risasi, kamwe si ya wino, karibu na kitabu cha kale. Msipige picha ukurasa kwa simu bila ruhusa, wala msisimulie kijijini mliyoyaona juu ya ukoo wa wengine, kama vile mtoto aliyeandikwa bila baba. Nakilini maneno kama yalivyo, pamoja na makosa ya tahajia, na nambari ya ukurasa. Tafsiri andikeni pembeni.

Nimechora karatasi zenye safu saba kwa kazi hii: jina, wazazi, msimamizi, tarehe, kitabu na ukurasa, maneno ya pambizoni, na safu ya mwisho, iliyo pana kuliko zote, ya maneno ya wazee. Ziko katika chumba cha Historia. Anayetaka aje azichukue kabla ya kufunga shule, na msimamizi asiachwe wazi, kwani mara nyingi ni shangazi au mjomba ambaye hamjamfikiria.