Juu ya Kuhesabu na Kusema

Somo la mwezi huu lahusu sheria ya takwimu, yaani sheria ya hesabu za mambo ya nchi: watu, mavuno, bei, magonjwa. Msidhani ni jambo la mbali. Mfanya biashara wa Misunkumilo atakaye kununua mahindi na kuyapeleka kwa reli hata Tabora, ataka kujua kwanza mavuno ni kiasi gani. Akidanganyika, mtaji wake umekwisha.

Mwaka 2015 Bunge la Tanzania lilitunga Sheria ya Takwimu, ikaipa Ofisi ya Taifa ya Takwimu kazi ya kuzisimamia hesabu hizo. Ni vema, maana mtu mmoja hawezi kulihesabu taifa. Katika sensa ya 2022 walipatikana watu 61,741,120. Lakini mwezi wa Septemba 2018 sheria ile ilibadilishwa. Ikakatazwa kutangaza takwimu kwa kusudi la kubatilisha, kupotosha au kutweza zile za Serikali. Mwenye kosa aliweza kutozwa faini isiyopungua shilingi milioni 10, au kufungwa si chini ya miaka 3, au vyote viwili.

Waliotunga walikuwa na hoja, tusiwadharau. Akitokea mtu akasema kwa uongo kwamba maghala ni matupu, kesho bei itapanda, na maskini atalala na njaa. Walakini tazameni maneno yenyewe. Apotoshaye husema uongo. Abatilishaye huenda amehesabu sawasawa akaona kosa. Wakitiwa wote wawili chini ya adhabu moja, mkweli ndiye atakayenyamaza kwanza, kwa kuwa mwongo amekwisha kuizoea hatari.

Tuseme mwalimu amepita katika visima 10 vilivyoandikwa kuwa vyatoa maji, akaviona 4 vikavu. Orodha yake yaibatilisha ile ya ofisi. Je, amefanya uovu? Jambo la kumwuliza ni namna alivyohesabu: visima vipi, siku gani, wakati wa masika au wa kiangazi? Akiyaeleza hayo wazi, mwingine aweza kwenda kuhesabu tena, hata afisa mwenyewe. Kifungo hakiongezi maji kisimani.

Mwezi wa Oktoba 2018 Benki ya Dunia ilitangaza kwamba ina wasiwasi mwingi juu ya mabadiliko hayo. Mwezi wa Juni 2019 Bunge liliigeuza sheria mara ya pili, adhabu ile ikaondolewa. Tena mwezi wa Machi mwaka huo huo Mahakama ya Afrika Mashariki, huko Arusha, iliamua kwamba vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 vinapingana na Mkataba wa Jumuiya.

Walimu watakaolisoma somo hili pamoja na watu wao, na waifungue Katiba ya 1977, ibara ya 18, ambayo humpa kila mtu haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari. Kisha wawaulize: katika mambo matatu hayo, ni lipi ambalo sheria ya 2018 ililizuia zaidi, na kwa nani?